Nyigu Asiye na Duka

Barabara ya TANZAM ikishamaliza kona za Kitonga, haimpi tena msafiri nafasi ya kusahau mahindi. Yako Ilula, yamebanana na nyanya na vitunguu. Yako Ifunda na Mafinga, kando ya misitu ya mbao ya Sao Hill. Makambako yanayumbishwa na upepo usiokwisha. Kuanzia Igawa yanaupisha kidogo mpunga wa Usangu, kisha yanarudi kwa nguvu kwenye miinuko ya Uyole hadi Mbeya mjini. Kwa mtu wa pwani kama mimi, aliyezoea mahindi ya masika na ya vuli, yakikosa haya yanapatikana yale, kinachoshangaza zaidi ya wingi wake ni mzigo uliowekwa juu yake. Huku msimu ni mmoja. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, hukatika mwishoni mwa Aprili au Mei, na ndani ya miezi hiyo mhindi hubebeshwa ada ya shule, bati la nyumba, mahari na ugali wa mwaka mzima. Ndiyo maana Januari, mahindi yakiwa ya magotini na majani ya katikati yakianza kuonekana yametobolewa kama yaliyopigwa marisau, mazungumzo ya kila kijiwe hugeuka kuwa mazungumzo ya wadudu.

Na mazungumzo hayo huishia dukani. Kuanzia Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, hadi Mbalizi, ni nadra kukuta senta isiyo na duka la pembejeo, na biashara ya Januari inafanana kila mahali. Mzee huingia, kijana wa dukani humwamkia. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Mahindi yameliwa moyo." "Hao ni viwavijeshi vamizi, baba. Heka ngapi?" "Mbili na nusu." Chupa hushushwa rafuni, pesa huhesabiwa, shauri limekwisha. Swali ambalo halijaulizwa ni kama shambani kuna mdudu mwingine asiyestahili kufa. Kijana hana kosa, anauza kilichoko rafuni. Mzee naye hana kosa, mahindi yake yanaliwa leo. Lakini mdudu huyo mwingine yupo, ni nyigu mdogo ambaye kazi yake duniani ni kuua viwavi, na safari ya Iringa hadi Mbeya imenithibitishia jambo moja juu yake: tatizo lake si udhaifu. Tatizo lake ni kwamba hakuna anayemuuza. Hana wakala, hana kipeperushi, hana chupa yenye picha ya simba. Ni mali ya wote, na huku kwetu tunajua mali ya wote inavyotendewa.

Tukisikia nyigu tunamfikiria yule mwenye kiuno chembamba anayejenga darini na kumfanya mtoto apige yowe. Huyu wa mahindi ni mwingine kabisa. Hazidi milimita tatu, mtu hamuumi, na kiota hana. Ndugu zake maarufu zaidi katika Afrika Mashariki ni wale wa jenasi ya Cotesia, wanaowinda bungua, yule funza anayejichimbia ndani ya bua. Jike huvutwa na harufu ya jani lililotafunwa na ya kinyesi kile kinachofanana na unga wa mbao. Hufuata harufu hadi kwenye tundu, akaingia humo gizani kumfuata mdudu aliye mkubwa kumzidi mara nyingi sana. Wengi huishia humo, wametafunwa. Anayefaulu humchoma bungua mara moja na kumwachia ndani ya mwili mayai kadhaa, pamoja na sumu na virusi anavyovibeba kwenye mfuko wake wa mayai, ambavyo kazi yake ni kuulemaza ulinzi wa mwili wa bungua. Mayai huanguliwa, vibuu hukua vikila ndani kwa ndani, na baada ya kama wiki mbili, zaidi kidogo mahali penye baridi, hutoboa ngozi na kutoka nje vyote kwa pamoja, kila kimoja kikijisokotea kifuko cheupe cha hariri. Ukipasua bua wakati huo unaona ganda la bungua lililosinyaa, na pembeni yake rundo dogo jeupe, kama chenga za mchele zilizoviringishwa kwenye pamba. Mkulima asiyeambiwa hulidhani ni mayai ya adui, akaliponda kwa kidole.

Kumwita huyu kimelea kunapotosha kidogo. Kupe ni kimelea, humnyonya ng'ombe na kumwacha hai, maana ng'ombe akifa kupe naye amekosa nyumba. Nyigu huyu hula nyumba yenyewe mpaka iishe. Nitamwita nyigu kimelea kwa kukosa neno bora, na kukosekana kwa neno ni sehemu ya habari yenyewe. Wadudu waharibifu watu wetu wamewapa majina, tena kwa ustadi. Dumuzi yule mkubwa wa ghalani, aliyeingia nchini kwa upande wa Tabora karibu na mwanzo wa miaka ya 1980, alibandikwa jina la Scania, kama lori. Yule wa nyanya aliyeonekana nchini mwaka 2014 na kuwatia umaskini wakulima wa Ilula na kwingineko anaitwa Kantangaze, yaani nenda ukatangaze habari zangu. Hayo ni majina ya watu waliomtazama adui kwa makini. Nyigu anayefanya kazi bure kwenye mashamba hayohayo sijasikia akiitwa chochote zaidi ya kijidudu.

Hadithi yake inaanzia pwani, nyumbani, na nairudia hapa kwa sababu mafanikio ya pwani yakichukuliwa kijuujuu yanaweza kuidanganya nyanda ya juu. Kati ya bungua wanaotutesa yupo mmoja mgeni, Chilo partellus, aliyetoka Asia na kuandikwa kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Malawi, karibu na mwaka 1930. Alienea maeneo ya joto, na kwa kuwa alikuja bila adui zake wa kwao, aliwashinda hata bungua wenyeji. Kituo cha icipe cha Nairobi, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilimfuata mmoja wa adui hao kwao: kikaleta kutoka Pakistan nyigu aitwaye Cotesia flavipes, na mwaka 1993 kikamwachia pwani ya Kenya. Alishika. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa tayari ameonekana kaskazini mwa Tanzania, na baadaye alipelekwa nchi nyingine kadhaa, Unguja ikiwemo. Idadi ya bungua yule mgeni ilishuka alikoshika, na mkulima wa pwani hakulipa senti moja, wala hakujua. Ushindi wa kimyakimya kama huu haumpatii mtu kura, na ndiyo shida yake ya kwanza.

Ukimchukua nyigu huyohuyo ukampandisha Kitonga, utakuwa umefanya kazi bure. Bungua anayetawala kwenye baridi ya Nyanda za Juu ni mwingine, Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika. Akichomwa na nyigu wa Pakistan, chembe za damu yake huyazunguka mayai ya mgeni, huyafunga kama mtu anavyofunga maiti sanda, na mayai hufia humo. Kwa Busseola anahitajika nyigu wa Kiafrika, Cotesia sesamiae, na hata huyo inategemea ametoka wapi. Nchini Kenya ilionekana kwamba wale wa Mombasa mayai yao hufungwa vilevile, lakini wale wa Kitale, kwenye mwinuko, huzaana ndani ya Busseola bila taabu. Ni jina moja, sura moja, ila hulka mbili. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika mjadala huu, kwa sababu unalitenga jambo la nyigu na jambo la dawa. Chupa inayoua kiwavi Tanga inaua kiwavi Mbozi. Nyigu ni wa mahali. Hawezi kuagizwa kwa katalogi. Lazima atafutwe, atambuliwe na atunzwe pale alipo, na kazi hiyo inamtaka mtafiti anayelijua bonde lake, kama wale wa kituo cha Uyole ambao mbegu zao za UH ziko kwenye mashamba mengi ninayoyapita.

Kisha akaja mgeni wa pili. Kiwavijeshi vamizi wa Amerika aliripotiwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016, na 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania kwa upande wa Rukwa. Huyu anatambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia. Jike moja hutaga mayai zaidi ya 1,000, kwa mafungu yaliyofunikwa manyoya kama ukungu wa mkate. Kiwavi akikua kidogo hujificha ndani ya moyo wa mhindi na kujizibia mlango kwa kinyesi chake, ndiyo maana dawa nyingi humpita juu. Watu walitumia walichokuwa nacho: majivu, mchanga, sabuni ya unga, udongo uliotiwa katikati ya mmea kwa vidole. Serikali na wafadhili nao walikimbilia dawa, na katika mwaka ule wa hofu sioni wangefanya nini kingine. Ila jambo moja lilipita bila kelele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Ethiopia, Kenya na Tanzania, ulikuta nyigu wetu wenyewe wameshamgundua mgeni na wameanza kumla, bila kualikwa na bila semina. Ethiopia, nyigu aliyepewa jina la kituo chenyewe, Cotesia icipe, alikuwa amewashambulia viwavi kati ya asilimia 33.8 na 45.3. Kenya na Tanzania waliongoza wengine wawili, Charops ater kwa asilimia 6 hadi 12, na Coccygidium luteum kwa asilimia 4 hadi 8.3.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoinuka, na ni la haki. Asilimia 8? Mkulima wa Mafinga mwenye heka tatu afanye nini na asilimia 8? Na kiwavi aliyechomwa na nyigu hafi papo hapo. Huendelea kutembea, na kula kidogo, kwa siku kadhaa. Kwa macho ya mtu aliyezoea kuona viwavi wamelala chali saa mbili baada ya kupiga dawa, huo ni utani. Jibu linataka hesabu kidogo. Kiwavi anayetoka kwenye mayai 1,000 hahitaji kufa kwa mkono mmoja. Mvua kubwa huwazamisha wengi kwenye moyo wa mmea, siafu na sisimizi huwabeba, wao wenyewe hulana. Sasa tuseme baada ya hao wote idadi yao bado inaongezeka maradufu kila kizazi. Nyigu wa mayai akichukua 3 katika kila 10, na nyigu wa viwavi akachukua 3 katika kila 10 ya waliosalia, kati ya 100 wamebaki 49. Idadi imesimama. Hakuna nyigu hata mmoja kati ya hao aliyefanya jambo la kutisha. Kila mmoja alitimiza kidogo, na vidogo vikazidishwa. Ukipiga dawa kali inayoua kila chenye miguu sita, unaondoa mkono wa nyigu na wa siafu kwa pamoja, na kwa vile nondo, mzazi wa kiwavi, huruka kutoka mbali usiku, hurudi shambani kabla nyigu hawajarudi. Msimu unaofuata chupa zinakuwa mbili.

Nyigu wa mayai niliyemtaja si wa kubuni. Anaitwa Telenomus remus, mweusi, mkubwa kama nukta iliyochapwa kwenye gazeti, na uchunguzi uliochapishwa 2019 ulimkuta tayari yumo Afrika, kuanzia Benin na Niger hadi Kenya na Afrika Kusini, ingawa katika mabara mengine watu walikuwa wakimzalisha kwa makusudi na kumwachia mashambani. Uzuri wake ni kwamba humzuia kiwavi kabla hajala hata jani moja. Kwingi duniani ambako nyigu wamekuwa kazi ya kila siku, wa mayai wako mstari wa mbele. Ufaransa na China huwaachia Trichogramma kwenye mahindi kwa vikadi vinavyoning'inizwa kwenye majani. Brazili huwamwaga Cotesia flavipes, huyuhuyu wa kwetu wa pwani, kwenye mashamba makubwa ya miwa. Watakaosema hii ni ndoto ya maabara waangalie miwa ya Brazili.

Pingamizi la pili ni lile la nani atalipa, na hili ndilo kiini. Ufaransa nyigu wa mayai ana duka, kwa sababu mkulima ana hekta nyingi na anahesabu gharama kwa kila moja. Mkulima wa heka mbili na nusu hawezi kuwa soko la vikadi, na kampuni haiwezi kupata faida kutokana na mdudu ambaye akishika hujizalisha mwenyewe na kuvuka mpaka wa shamba bila kulipiwa. Nyigu akifaulu kabisa, kampuni haina cha kuuza tena. Watu husema basi jambo hilo haliwezekani kwetu. Nasema kinyume chake: limewezekana kwetu, tena kwa ukubwa usio na mfano, pale umma ulipolipa. Miaka ya 1970 mhogo wa Afrika ulivamiwa na mdudu mweupe kama unga kutoka Amerika ya Kusini, aliyekuwa akiukausha kuanzia Kongo hadi nchi nyingine. Mtafiti wa Kiswisi, Hans Rudolf Herren, aliyekuwa kituo cha IITA nchini Nigeria, aliongoza kazi ya kumtafutia adui. Nyigu alipatikana Paraguay mwaka 1981, akaanza kuachiwa mwaka huohuo, na akafika nchi zaidi ya 20 za bara hili, Tanzania ikiwemo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mkulima wa mhogo leo hamjui nyigu huyo wala Herren. Anajua tu kwamba kisamvu chake kipo. Fedha iliyotumika ilikuwa ya umma na ya wafadhili, ililipwa mara moja, na kazi inaendelea miaka 40 baadaye. Hakuna chupa inayoweza kusema hivyo. Tangu msimu wa 2022/23 nchi yetu imekubali tena kulipia ruzuku ya mbolea kila mwaka, na sina ugomvi na ruzuku. Nauliza tu kwa nini sehemu ndogo ya moyo huo isiende kwa kitu ambacho hakiombi tena mwaka unaofuata.

Wapo wanaoogopa kuleta wadudu wa kigeni, na hofu yao haipaswi kuchekwa. Australia ilileta chura wa miwa mwaka 1935 ili ale wadudu wa miwa. Chura akala kila kitu kasoro wadudu hao, na leo yeye ndiye balaa. Lakini chura ni mlafi asiyechagua. Nyigu kimelea amefungwa na kufuli la damu tuliloliona kwa Busseola: akikosea mdudu wa kutagia, mayai yake hufa. Ndiyo maana kupimwa kwake kabla ya kuachiwa kuna maana, na Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 imeweka mamlaka ya kusimamia mambo hayo. Zaidi ya hapo, kwa viwavijeshi vamizi hatuhitaji hata kuvuka bahari. Nyigu wako hapa. Hoja ya kuleta mgeni imepitwa na wakati; iliyopo ni ya kuacha kuwaua wenyeji.

Na kuwaua tunawaua kwa kiburi fulani cha kienyeji, maana hizi ni nyanda za pareto. Miinuko ya Mbeya na Njombe hulima ua lile jeupe, na kiwanda cha Mafinga hulisindika kuwa sumu ya wadudu inayouzwa nje ya nchi. Pareto ya asili huua upesi, haichagui, lakini jua huimaliza kwa muda mfupi. Wanakemia waliiga muundo wake wakatengeneza binamu zake wasioogopa jua, na hao ndio wamejaa rafu za Makambako na Uyole. Tunauza nje sumu inayokufa jioni, tunanunua ile inayokaa siku nyingi. Zamani kidogo ilikuwa endosalfani, ambayo ulimwengu uliipiga marufuku kwa mkataba wa Stockholm mwaka 2011. Kila kizazi cha dawa kilikuja kikiitwa kiboko, na huko Amerika kiwavijeshi huyuhuyu ameshajenga usugu dhidi ya dawa za aina nyingi. Sijui mtu anayetegemea kiboko cha sasa anategemea miaka mingapi.

Sisemi dawa zitupwe. Kuna Januari ambapo kiwavi ameshaenea na mvua imechelewa, na asiyepiga dawa atalala njaa. Nasema kuhesabu kuje kwanza: kutembea shambani, kuangalia mimea kumi hapa na kumi kule, kupiga pale palipoathirika, na kuchagua dawa inayomlenga kiwavi anayekula jani badala ya ile inayoua kila inachokigusa. Na kuna jambo la chini zaidi, ambalo nyanda hizi zinalijua tangu zamani ila zinaanza kulionea aibu. Chakula cha Iringa kinachokaa tumboni hadi jioni ni makande: mahindi na maharage kwenye chungu kimoja, mchuzi mzito, nazi hakuna, na mtu wa pwani hujifunza kuishi bila nazi. Chungu hicho ni picha ya shamba lililokipika, mahindi na maharage mstari kwa mstari. Wataalamu wa miaka ya nyuma walilionea shamba hilo kinyaa, wakitaka mahindi yasimame peke yake kama gwaride. Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa 2018 ulikuta mahindi yaliyochanganywa na jamii ya kunde yana viwavijeshi wachache zaidi kuliko yaliyosimama peke yake, hasa kabla ya kutoa mbelewele. Mwaka huohuo mfumo wa icipe wa kupanda desmodiamu katikati ya mistari na majani ya malisho pembezoni ulionyesha, kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, kupungua kwa viwavi kwa zaidi ya asilimia 80. Sababu moja ni harufu: mimea mingine humfukuza nondo, na baadhi, kama ilivyoonekana tangu mwaka 1997, humwita nyigu. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na haipatikani kila kijiji, pingamizi hilo nalikubali. Maharage yapo kila kijiji.

Kiangazi ndicho kipimo cha mwisho. Kuanzia Juni nyanda huvaa rangi ya majani makavu. Bungua hulala ndani ya mabua akingoja mvua, na nyigu wake hubaki kwenye nyasi za porini, kwenye mabingobingo ya kandokando ya mito, anakopata viwavi wengine wa kujikimu. Mkoa wa Iringa una kitu ambacho pwani hatuna: vinyungu, vile vishamba vya mabondeni vinavyolimwa unyevu ukiwa bado upo, ambako Septemba kuna mahindi mabichi, maharage na mboga huku milima yote ikiwa vumbi. Mahindi ya kuchoma yanayouzwa kwenye vituo vya mabasi mwezi huo hutoka huko. Kwa kiwavijeshi vamizi kinyungu ni daraja la kuvukia kiangazi. Kwa nyigu anayemla pia. Bei ya hindi bichi ikiwa juu, ndipo mtu hushawishika kupiga dawa kila wiki, na daraja huvunjika kwa upande mmoja tu, kwa kuwa nondo atarudi kwa upepo na nyigu hatarudi kwa lolote. Kama ningepewa shilingi moja ya umma niitumie kwa nyigu, ningeipeleka kwenye vinyungu.

Ya pili ningeipeleka kwenye mianzi. Januari hiyohiyo ya viwavi ndiyo mwanzo wa ulanzi, pombe ya mianzi, na ukipita vijiji vya Iringa unaona machipukizi ya mianzi yamekatwa ncha, chini yake zimening'inizwa mbeta, vikombe vya mianzi vinavyokinga utomvu. Wakulima wa mpunga wa Asia walikuwa na mbinu inayotumia kifaa cha namna hiyohiyo. Badala ya kuyaponda mafungu ya mayai ya wadudu waliyoyaokota shambani, waliyaweka kwenye kipande cha mwanzi kilichozungukwa na maji yaliyotiwa mafuta kidogo. Mayai mazima yakianguliwa, vijiwavi hutambaa, hudondoka na kuzama. Mayai yaliyoingiliwa na nyigu, ambayo hugeuka meusi, hutoa nyigu, na nyigu ana mabawa. Afisa ugani leo humfundisha mkulima kuponda kila fungu la mayai analoliona, na mafundisho hayo si mabaya, ila huponda wote wawili. Mbeta moja kwenye kona ya shamba, kisahani cha maji chini yake, mtoto anayetumwa asubuhi kuokota majani yenye ukungu ule mweupe kabla ya kwenda shule: gharama yake haifiki hata ya kizibo cha chupa, na duka la kuiuzia halipo.